Kiti Alichokalia Mwalimu

Mwalimu wa Hesabu alipobisha hodi saa nane mchana, kitu cha kwanza Mama Wakili alichokitafuta kwa macho kilikuwa mahali pa kumkalisha.

Chumba cha mbele kilijaa viti, ila havikuwa vya kukalia. Vilikuwa seti moja, kochi la watu watatu na manne ya mtu mmoja mmoja, velveti ya rangi ya damu ya mzee, miguu imepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alivimaliza wiki mbili nyuma, akavifunika kwa nailoni na kuviingiza ndani kwa sababu kibanda chake cha kazi kilikuwa kinavuja. Aliyeviagiza, Mama Saruji, alikuwa anasubiri vigae vya sebule yake vimalizike. Mpaka siku hiyo ifike, sheria ya nyumba ilikuwa moja: hakuna anayekaa. Bibi, mama yake Fundi, na wajukuu zake wawili walikula mkekani katikati ya makochi, migongo wima kama mashahidi. Usiku mkeka huohuo ulikuwa kitanda chao.

"Karibu ndani, mwalimu. Pita, pita."

Mwalimu alivua viatu mlangoni. Alikuwa kijana mwenye tai, mwaka wake wa pili kazini, na alitoka darasani moja kwa moja. Vumbi la chaki lilikuwa limemtanda viganjani na kwenye suruali. Kwapani alibana rundo la fomu. "Nakaa hapa mkekani tu, mama. Si kazi ya muda mrefu."

"Mkekani? Mwalimu wa mtoto wangu akae chini huku namwangalia?"

Kwenye kona, Bibi alikohoa. Hakuwa anaumwa kifua. Kilikuwa kikohozi cha kumkumbusha mtu jambo. Mama Wakili alikisikia. Hata hivyo aliinama, akaivua nailoni kwenye kochi la karibu na mlango, akaikunja mara nne na kuipakata. "Kaa, mwalimu."

Mwalimu akakaa, akazama taratibu kwenye sponji mpya. Akaeleza kilichomleta. Shule ilikuwa imetakiwa kuhesabu wanafunzi wanaotoka kwenye nyumba zenye kipato cha chini. Kila nyumba ingepewa alama kwa vitu vilivyomo. Ya alama kumi kurudi chini ingehesabiwa yenye uhitaji, na watoto wake wote wangelipiwa ada ya mtihani na chakula cha mchana kwa mwaka mzima. Zaidi ya kumi, mzazi angejitegemea.

"Kwa hiyo naomba ukweli tu, mama. Hapa mnalala watu wangapi?"

"Watano."

"Vyumba?"

"Viwili. Hiki na kile cha ndani."

"Mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili. Siku Fundi akipata, mbili na nusu."

Mwalimu alisita na kalamu, akaandika mbili. "Mna redio?"

"Ipo," Bibi akajibu, "lakini haijasema neno tangu mzee wangu afariki. Nadhani bado iko matangani."

Mwalimu akaweka alama ya vema.

"Umeihesabu?"

"Fomu inauliza kama ipo, bibi. Haiulizi kama inasema."

"Basi nihesabie na meno. Yapo pale kwenye kikombe."

Mwalimu alicheka, na Mama Wakili naye akacheka, na chumba kikawa chepesi kidogo. Ndipo mwalimu alipofika kwenye mstari wa samani za sebuleni. Alipitisha kiganja juu ya velveti, mbele na nyuma, akaangalia yale mengine chini ya nailoni. "Mna viti vizuri sana, mama. Hata kwa Mwalimu Mkuu sijaona vya namna hii."

Kila asubuhi Mama Wakili alipiga deki sakafu ya zahanati, na watu walipita juu ya sakafu ile mbichi wakiongea na simu zao, hawamwoni. Hakuweza kukumbuka mara ya mwisho mtu aliyevaa tai kusifia kitu kilichokuwa chini ya paa lake. Alijua aseme nini. Maneno yalikuwa manne tu: hivi ni vya mteja.

"Ahsante, mwalimu," akasema.

Mwalimu akaweka alama ya vema. Safari hii Bibi hakukohoa. Alimtazama mkwe wake, kisha akageuzia uso ukutani.

*

Fundi aliporudi jioni alisimama mlangoni bila kuvua viatu. Jicho lake lilikuwa jicho la mtu anayejua pini aliyoigonga mwenyewe kati ya pini mia tatu. Aliiona nailoni imerudishwa kwa mikunjo isiyo yake, akaifunua. Kwenye velveti kulikuwa na ukungu mweupe, wenye umbo la mtu.

"Nani amekaa hapa?"

Mtoto mdogo, Mziwanda, alimtazama dada yake. Dada yake, ambaye kwa kupenda kwake kubishana wote walimwita Wakili, alimtazama mama.

"Mwalimu wa shule," Mama Wakili akasema. "Alikuja kwa fomu."

"Mkeka ulikuwa wapi?"

"Baba Wakili, ni mwalimu."

Fundi alichukua brashi yake kavu, akapiga magoti, akaanza kuipiga velveti kwa kufuata ulalo wake, kidogo kidogo, kama anayemfuta mtoto uso akiwa usingizini. Chaki ilitoka, lakini palipokaliwa palibaki na kivuli. Nyuzi za velveti zilikuwa zimelala na hazikutaka kuinuka. Alizipulizia mvuke wa birika. Zikainuka, zikalala tena.

"Nilimpa Mama Saruji mkono," akasema hatimaye, bado amepiga magoti. "Nikamwambia, hata mimi niliyevitengeneza sitavikalia. Unajua anachotaka kunipa baada ya hivi? Viti kumi na viwili vya nyumba ya wageni. Kumi na viwili, Mama Wakili. Sijawahi kupata oda kama hiyo."

"Hataona."

"Yule? Yule anaona pungufu ya kilo moja kwenye mfuko wa saruji uliofungwa."

*

Orodha ilibandikwa Jumatano, kwenye ubao wa matangazo karibu na choo cha walimu. Ilikuwa na majina arobaini. Wakili aliisoma kuanzia juu, kisha kuanzia chini, kisha akaisoma tena akiwa ameweka kidole. Nyuma yake wenzake walisukumana, wengine wakitafuta majina yao, wengine wakitafuta ya wenzao ili wapate la kusema.

"Hongera, tajiri," msichana mmoja akamwambia. "Mtukaribishe basi."

Chini ya majina kulikuwa na maneno ya wino mwekundu: wasiomo walipe ada ya mtihani, elfu tisini, kabla ya saa sita Jumatatu, asiyelipa hatafanya mtihani. Wazazi wenye malalamiko wafike mbele ya kamati Alhamisi alasiri.

Wakili alikuwa darasa la mwisho. Alimfuata Mwalimu wa Hesabu mpaka mlangoni mwa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, samahani. Sisi tumepata alama ngapi?"

Mwalimu hakutakiwa kusema, lakini msichana huyu ndiye aliyemwuliza maswali magumu kuliko wote darasani, na alikuwa amezoea kumjibu. Akafungua faili. "Kumi na mbili."

"Zimetoka wapi?"

"Umeme mbili, sakafu mbili, simu mbili, redio moja, ukuta mbili..." Akatulia. "Na samani. Seti kamili ni alama tatu."

"Tungekuwa hatuna seti?"

"Mngekuwa na tisa."

Wakili aliinamisha kichwa. Mwalimu alidhani anataka kulia, kumbe alikuwa anafikiri. "Ahsante, mwalimu," akasema, akaondoka bila kukimbia.

*

"Alikuuliza kama ni vyetu?" Fundi alimwuliza mkewe. Walikuwa wote ndani, mlango umefungwa ili majirani wasifaidi.

"Hakuniuliza. Alivisifia."

"Na wewe?"

"Nikasema ahsante."

Fundi alitaka kukasirika, ila alijua jinsi sifa inavyoweza kumshika mtu. Yeye mwenyewe, mteja akisifia kazi yake, alisahau kudai.

"Mficha uchi hazai," Bibi akasema kutoka konani. "Na huyu wetu amemficha mpaka mkunga."

"Mama, tafadhali."

"Nanyamaza. Hata redio imenyamaza."

Wakili alikuwa ameshika karatasi aliyonakilia maneno mekundu. "Kesho ni Alhamisi. Tuende tuseme viti ni vya mteja. Basi."

"Vya mteja gani?" Fundi akauliza. "Watataka kujua. Na mweka hazina wa kamati ni nani? Si Mama Saruji mwenyewe? Nisimame mbele yake niseme, mama, vile viti nilivyokuapia, tumevivua nguo tukamkalisha mgeni?"

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia.

"Nisikilizeni," Fundi akaendelea kwa sauti ya chini. "Jumamosi anachukua seti. Akiridhika, ananipa cha kuanzia cha vile kumi na viwili. Humo natoa elfu tisini, Jumatatu asubuhi mtoto analipiwa. Hakuna wa kutuuliza kitu."

"Cha kuanzia ni mbao," mkewe akasema. "Ni sponji na kitambaa. Ukikitoa ada, viti utavitengeneza kwa mate?"

"Nitajua."

"Ndivyo ulivyosema kwenye malipo ya hivi. Yakaenda kwenye kodi ya nyumba, na tumebaki kulala katikati yake."

"Na chakula, baba?" Wakili akauliza. "Cha mwaka mzima. Mimi namaliza, lakini Mziwanda amebakiza miaka mitano pale. Wiki iliyopita aliniambia kichwa kinamuuma kila saa saba. Si kichwa."

Mziwanda, aliyekuwa mkekani anachora, akasema, "Ni kichwa." Alikuwa na miaka minane na tayari alijua kuificha njaa, na hilo, kuliko hesabu zote, ndilo lililomfanya baba yake asimame na kutoka nje. Alikaa kwenye kibanda chake mpaka giza lilipoingia. Hawakusikia nyundo.

*

Alhamisi kulikuwa na wazazi kumi na wawili kwenye benchi nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu. Mama Wakili alifika amevaa gauni lake la kutokea, la bluu, lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mwanamke aliyekaa mwisho wa benchi alisogea kumpisha, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Dada, umependeza," akanong'ona. "Utanyimwa."

"Nisingeweza kuja ofisini kwa watu na nguo ya kazi."

"Mimi nimevua hereni pale getini. Yule kaka unamwona? Shati lile lenye tundu ameliazima."

"Nimelikodi," mwanamume mwenye shati akasema bila kugeuka. "Mwenyewe kanidai mia tano. Umaskini nao sasa una gharama."

Benchi zima likacheka kwa kubana pua, kisha likanyamaza, kwa sababu mlango ulifunguka na mama mmoja akatoka akijifuta macho kwa mgongo wa mkono. Ndani aliulizwa, mbele ya wote, kwa nini mtoto wake ana simu wakati hana viatu. Hakuwa na jibu fupi.

Fundi alikuja wakati zamu yao inakaribia. Alikuwa na nguo zake za kazi, gundi imekauka kwenye vidole, vumbi la mbao kwenye nyusi. Asubuhi hakuwa amesema kama atakuja. Alisimama kando ya mkewe, kofia mkononi.

"Nimekuja kusikiliza tu," akasema.

"Sawa."

"Sitasema kitu."

"Nimekusikia, Baba Wakili."

*

Ndani kulikuwa na meza ndefu na watu watatu. Katikati alikaa Mwalimu Mkuu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kushoto kwake Mwalimu wa Hesabu na mafaili yake. Kulia alikaa Mama Saruji, muuza vifaa vya ujenzi, mkoba wake mkubwa juu ya mapaja na mikono miwili juu ya mkoba. Alimwona Fundi, akatikisa kichwa kidogo kwa kumsalimu. Alidhani ameletwa na jambo jingine.

"Alama kumi na mbili," Mwalimu Mkuu alisoma. "Mama, una malalamiko gani?"

"Kuna kosa kwenye samani," Mama Wakili akasema.

"Mwalimu, umekosea?"

Mwalimu wa Hesabu aliguna. "Niliona seti kamili. Kochi kubwa na madogo manne. Nilikaa."

"Mama, viti hivyo vipo nyumbani kwako au havipo?"

"Vipo."

"Basi kosa liko wapi?"

"Si vyetu."

"Ni vya nani?"

Mama Wakili alifungua mdomo. Alikuwa amelala akiyapanga maneno haya, lakini hakupanga kuyasema huku mumewe amesimama nyuma yake, akimsikia akipumua. Aliitazama meza. Akautazama ule mkoba. Viti kumi na viwili vilikuwa ndani ya mkoba ule, vikisubiri Jumamosi.

"Mama, tuna watu nje," Mwalimu Mkuu akasema. "Kama ni vya ndugu, sema. Kama mmevikopa, sema. Kila aliyeingia humu leo, vitu vya nyumbani kwake si vyake. Televisheni ya shemeji, friji ya jirani. Mimi nitaamini vipi?"

"Nilikosea mimi," Mama Wakili akasema polepole. "Mwalimu alivisifia, nikaona haya kusema si vyangu. Hilo ndilo kosa. Adhabu yake ije kwangu, si kwa mtoto."

"Lakini ni vya nani?"

Nje mtu wa benchi alipiga chafya.

"Ni vya Mama Saruji," Fundi akasema. "Huyo hapo."

Wote wakamgeukia yule mwanamke. Mikono yake haikutoka juu ya mkoba.

"Velveti, damu ya mzee," Fundi akaendelea, na sauti yake ilikuwa kavu. "Miguu ya kuchonga. Ulisema vikae kwangu mpaka vigae viishe. Nikasema nitavifunika."

"Ulisema," Mama Saruji akajibu. Akamgeukia Mwalimu wa Hesabu. "Ulivikalia na nailoni au bila nailoni?"

Mwalimu alitazama suruali yake, kana kwamba ingemsaidia kujibu. "Bila. Lakini kimoja tu. Na mimi niliomba mkeka, mama, kweli kabisa."

"Nailoni niliitoa mimi," Mama Wakili akasema. "Fundi hakuwapo."

Mama Saruji alikuwa ameanza kwa kuuza saruji kwa bakuli, nje ya duka la mtu mwingine, na aliijua bei ya kila kitu alichokipata. Kiti kipya kwake hakikuwa kiti tu. Ilikuwa miaka yote ile ya kukaa juu ya ndoo. Alipovuta pumzi, Fundi alifunga macho kidogo.

"Mwalimu Mkuu, viti ni vyangu," akasema. "Andika hivyo. Nisije kusikia vimehesabiwa kwa mtu mwingine, maana nilivilipia mimi." Kisha, bila kupandisha sauti, "Fundi, Jumamosi sichukui. Kile kilichokaliwa kivue kitambaa chote, ukivishe upya. Kitambaa kwa gharama yako."

"Sawa, mama."

"Na vile kumi na viwili nitafikiria."

"Sawa."

Alisema sawa mara mbili kama mtu anayegonga misumari miwili. Mkewe hakuthubutu kumwangalia.

Mwalimu wa Hesabu alikuwa tayari amefuta na kuandika. "Zinabaki tisa," akasema. "Wanastahili."

"Wanastahili," Mwalimu Mkuu akakubali, akaivuta ile orodha. Ilikuwa ndiyo yenyewe, ya kupeleka ofisi ya elimu, yenye muhuri. Akapitisha kalamu mpaka chini, na kalamu ikasimama. "Lakini fomu imejaa. Imekuja na mistari arobaini." Akafikiri. "Wa arobaini naye ana tisa. Baba yake ana baiskeli, sijui kama ilihesabiwa. Tukiihesabu anakuwa na kumi, huyu wa tisa anamtangulia: yule anatoka, huyu anaingia. Hilo linawezekana sasa hivi."

Aliligusa jina kwa ncha ya kalamu. Kalamu ilikuwa nyekundu.

Hapo ndipo jambo lote lilipokuwa. Elfu tisini, chakula cha Mziwanda, mtihani wa Wakili, vyote vilikuwa mbele ya Mama Wakili kwa umbali wa mstari mmoja wa wino. Hakulijua jina lile. Hakumjua mwenye baiskeli. Alijua tu kwamba Jumatatu asubuhi mtoto wa mtu mwingine angesimama mbele ya ubao, karibu na choo cha walimu, akisoma kuanzia juu, kisha kuanzia chini.

"Usimfute," akasema.

"Mama Wakili," Fundi akanong'ona. Alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho dakika mbili zilizopita.

"Usimfute, mwalimu. Sikuja kumtoa mtu. Nimekuja kuhesabiwa."

"Mama, mimi sikutengeneza hii fomu," Mwalimu Mkuu akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana amechoka. "Wamesema arobaini. Ukikataa hivi, sina la kukusaidia. Umenielewa? Sina."

"Wao walihesabu lini?" Mama Wakili akauliza.

"Wao nani?"

"Waliosema arobaini. Walikuja lini kuhesabu?"

Mwalimu wa Hesabu alikuwa anaangalia mafaili yake. Masikio yalikuwa yamemshika moto.

"Nilihesabu mimi," akasema. "Nyumba mia mbili na sita. Za kumi kurudi chini zilikuwa sabini na moja."

"Mwalimu," Mwalimu Mkuu akaonya.

"Sabini na moja. Na huyu, sabini na mbili. Tulianza na wenye alama chache, tukaandika mpaka mistari ikaisha. Tukawaambia waliobaki kwamba wana uwezo." Akalifunga faili. "Hawana. Mistari ndiyo iliyoisha."

Mama Saruji aligeuka taratibu akamtazama Mwalimu Mkuu. "Sabini na mbili? Kwenye kamati tuliambiwa wenye shida ni arobaini."

"Tuliambiwa tupeleke arobaini."

"Hayo ni mambo mawili. Mtu akinunua mifuko sabini na mbili nikamwandikia risiti ya arobaini, mimi ni mwizi."

Mwalimu wa Hesabu hakusubiri wamalize. Alichukua rula yake ya mbao, ile ya darasani, akaiweka chini ya jina la arobaini, akachora mstari. Ulikuwa umenyooka sawasawa na ile iliyochapwa. Akaandika pembeni yake namba: arobaini na moja.

"Ofisi itairudisha hiyo," Mwalimu Mkuu akasema.

"Inaweza."

"Na jina lako litakuwa chini yake."

"Lipo tayari, mwalimu. Mimi ndiye niliyehesabu." Akateremsha rula, akachora mwingine, na mwingine, mpaka nafasi iliyobaki chini ya ukurasa ikaisha. Ilikuwa mistari tisa. Kisha akarudi kwenye ule wa kwanza, akamtazama Mama Wakili. "Jina kamili la mtoto."

Alilitaja. Alilitaja lote, la kwake, la baba na la babu, taratibu, kama anavyolitaja mtu anayetaka liandikwe bila kosa. Fundi alisogea akasimama sambamba naye, bega kwa bega, akiitazama kalamu.

Mwalimu Mkuu aliisoma ile mistari ya mkono. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa. Kupitia dirishani aliona benchi: mwanamke asiye na hereni, mwanamume wa shati la kukodi, na wengine, wote wamekaa wima, wote wanatazama mlango. Midomo yake ilicheza kidogo, kama mtu anayehesabu bila sauti.

"Ukurasa umeisha," Mwalimu wa Hesabu akasema.

"Naona," akajibu. Akafungua droo, akatoa karatasi nyeupe, akaisukuma mezani kuelekea ilipokuwa rula. "Mwambie mwingine aingie."